Pascasie, Uliyejua Chakula cha Kalunguyeye

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipofumba macho wodini Mbarara, wakati Baba ametoka kukutafutia chai. Aliporudi na chupa mkononi, nesi alimwomba aketi kwanza. Baba akasema hajachoka. Alibaki amesimama na chupa yake mpaka Jocelyne alipofika kutoka kazini, akamshika mkono, wakaketi wote wawili sakafuni.

Barua hii itasomwa Jumamosi hapa kambini Misiera baada ya misa, siku ya kuganduka, tutakapovua msiba wako kama inavyotupasa watu wa Burundi. Tunakuandikia wewe, sisi wanao Venuste na Jocelyne. Majirani watasikia, lakini hilo halitusumbui. Hakuna jambo la nyumba hii ambalo majirani hawakulijua kabla yetu, na safari hii tuna sababu ya kuwashukuru.

Tunakukumbuka ukifika kanisani kabla ya katekista mwenyewe, ukisimama mlangoni kana kwamba funguo ni zako. Tunakukumbuka ukiziba mdomo kwa kiganja kila ulipocheka, kwa ajili ya lile pengo la jino ambalo sisi hatukuwahi kuliona baya. Ulipopima maharage hukumwacha mtu aondoke bila kiganja cha nyongeza, na akijaribu kukushukuru unamkaripia kwamba anakupotezea muda. Na chumvi, Mama. Madaktari wawili walikuambia habari ya presha, na bado ulinyunyiza chumvi kwenye sahani kabla hujaonja. Ulisema madaktari hao hawajawahi kula maharage yasiyokolea.

Halafu kuna Buroso. Wasiomjua tuwaeleze kwamba ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayeenea kwenye viganja viwili na kujikunja akiogopa. Miaka mitano iliyopita ulikuwa ukichoma mabua kwenye shamba la kukodi kule Rugaaga ukamkuta amejikunja pembeni ya moto, mguu mmoja wa nyuma umeungua. Ulimleta nyumbani ndani ya kikapu cha maharage. Baba alisema mnyama wa porini ana kwao. Ukamjibu kwamba anako, ila hana mguu wa kumfikisha. Ukampa jina la brashi ya kusugulia, ukamtengenezea sanduku nyuma ya jiko, na maneno yakaishia hapo.

Baba hakuwa na ugomvi na Buroso. Alimpita tu. Unamjua Baba: anatoka asubuhi kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, anarudi jua linapozama, anawasha redio yake mwenyewe, anakula, analala. Akikumbuka anakuuliza kama umemlisha mnyama wako. Unajibu ndiyo. Mlikuwa mnaishi hivyo, na sisi tuliona ni amani.

Baada ya mazishi tulikaa naye majuma mawili. Kisha Jocelyne akarudi Mbarara kwenye cherehani yake, Venuste akarudi Kampala, na nyumba ikabaki na Baba. Tulimwomba aje Mbarara. Alisema hawezi, kuna Buroso. Tulidhani ni kisingizio cha mzee asiyetaka kulala kwenye nyumba ya mkwe. Hatukujua kwamba alikuwa anasema kweli tupu. Jioni alipofungua mlango, sauti pekee iliyomjibu ilikuwa ya zile kucha zikikwaruza mbao nyuma ya jiko, na Baba alizisubiri kuanzia mchana.

Basi akaanza kumlisha. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa heshima zote. Kwetu Burundi, na huku Ankole vilevile, mtu unayemthamini humwekei maji mbele yake. Unampa maziwa. Baba aliona aibu kwamba kiumbe ulichokipenda kinywe maji ya kisima wakati nyumba iko msibani. Akawa anapita Rwekubo kununua maziwa, anayamimina kwenye kile kibakuli chako cha bati chenye maua, na kandoni anaweka mkate au ugali aliouponda vizuri kwa vidole. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa chai ya rangi. Buroso alikunywa maziwa yale mpaka pua ikawa nyeupe, na Baba alifurahi. Alituambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu uondoke alihisi amefanya jambo ambalo ungelisifu.

Majuma matatu baadaye Buroso alikuwa anaharisha. Tumbo lilivimba, miguu ikawa laini, miiba ikaanza kudondoka kwenye kitambaa. Alipoguswa hakujikunja tena. Kalunguyeye asiyejikunja ni kama mbwa asiyebweka, hata Baba alijua hilo. Akadhani ni udhaifu, akamwongezea maziwa.

Tukuambie waziwazi, Mama, kilichokuwa kinamtisha. Baba aliamini kwamba Buroso akifa mikononi mwake, atakuwa amekuzika mara ya pili, na safari hii kwa kosa lake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja alifunga kibanda, akamviringisha Buroso kwenye kipande cha kitenge chako cha kijani, akamweka ndani ya ndoo na kupanda gari la Mbarara. Abiria walipomuuliza amebeba nini alisema ni dawa.

Jocelyne alimpeleka kwa Daktari Kyomugisha, mama mmoja tabibu wa mifugo mwenye duka la dawa za ng'ombe karibu na soko. Daktari alikiri kwamba hajawahi kumtibu kalunguyeye. Lakini hakumcheka Baba. Alimpima Buroso kwenye mzani wa vifaranga, akampigia simu mwenzake aliyesoma naye ambaye anatunza wanyama wa porini, wakazungumza Kinyankore kwa muda mrefu huku akiandika. Kisha akauliza mnyama anakula nini. Baba akaeleza, na alipofika kwenye maziwa akanyoosha mgongo kidogo, kama mtu anayetaja zuri lake.

"Mzee, maziwa hapana," daktari alisema. "Hii mnyama iko nakula wadudu. Maziwa iko naharibu tumbo yake. Pea yeye maji tu, ssebo."

Alimwita ssebo, yaani bwana, kwa heshima. Jocelyne anasema uso ulimshuka Baba mpaka akatamani kumfunika kwa khanga. Daktari aliendelea taratibu: mkate hapana, ugali hapana, vitu vitamu hapana, vitunguu na parachichi ni sumu kwake. Wadudu ndio chakula chenyewe, na nyama kidogo isiyo na mafuta, iliyochemshwa bila chumvi, na yai mara moja moja. Kiasi kisizidi kijiko kikubwa kimoja na nusu kila jioni, kwa sababu akinenepa hawezi hata kujikunja. Wadudu wasitoke kwenye shamba lililopuliziwa dawa, maana atameza dawa hiyo pamoja nao. Halafu akauliza swali ambalo Baba amelibeba mwaka huu wote.

"Mama alikuwa anapea yeye nini? Miaka ine iko mzima. Hiyo yenye mama alikuwa napea, hiyo hiyo."

Mlikuwa mmeoana miaka thelathini na minane. Kwa miaka minne ulikuwa umemlisha mnyama yule hatua sita kutoka kwenye kiti chake.

"Sijui," Baba alisema.

Jocelyne alitaka kumsindikiza kurudi Misiera, Baba akakataa. Lakini kesho yake hakufungua kibanda, na hapo tunaanza kumsifu, kwa sababu mume wako ni mtu mwenye haya, hawezi kuomba hata kiberiti kwa jirani, na siku hiyo alitoka kwenda kuuliza watu mkewe alikuwa anafanya nini jioni.

Alianzia kwa Niyonshuti, yule anayechoma kuku na mishikaki pale karibu na maduka ya Misiera. Alikwenda kwake kwa sababu tu alikumbuka kukuona umesimama pale. Niyonshuti alimpa kiti. Akamwambia kwamba kila Ijumaa ulifika mapema, kabla hajapaka viungo, ukachukua kipande cha kidari cha kuku ukubwa wa kidole gumba, ukasisitiza kisiguswe na chumvi. Siku moja mke wake alikuwa ameshakikoleza bila kujua, ukakirudisha na kusema hutoki pale bila kingine. Niyonshuti aliamini ni kwa ajili ya presha yako. Alikuwa anawasimulia wateja jinsi mama Mrundi anavyofuata masharti ya daktari.

Baba alicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza. Wewe uliyekula maharage yenye chumvi ya kutosha familia nzima, ulikuwa unamlindia mnyama figo zake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Niyonshuti akajifanya anapuliza mkaa.

Mengine aliyapata kwa Nathalie, jirani yenu Mkongomani kutoka Fizi, ambaye ua wake umetenganishwa na wenu kwa mstari wa mihogo tu. Nathalie alimchukua akamwonyesha kwa vitendo. Huku chini ya majani makavu ya migomba ndiko ulikopata mende na mabuu. Huku kwenye gogo lililooza ndiko kwenye mchwa. Kule kwenye nyanya za majirani hukugusa hata panzi mmoja, kwa sababu wanapulizia dawa kila juma. Mwezi wa Novemba ulinunua senene wabichi, ukawanyofoa mabawa na miguu ukawaanika, na watu wa Misiera wakasema Pascasie amekuwa Mganda kabisa. Yai moja la kuku wako kila Jumapili, lililochemshwa na kusagwa, robo tu, na robo tatu ukala wewe. Malenge kidogo. Maji kila siku, na kibakuli ukakisugua kwa majivu.

Kwa hiyo Baba alirudi nyumbani na chakula chako chote kichwani, kimoja kutoka mdomo huu na kingine kutoka mdomo ule. Mzee wa miaka sitini na sita alipiga magoti kwenye migomba akifunua majani na kikopo mkononi. Mwanzoni mende walimkimbia wote. Jioni ya tatu Buroso alikula mchwa wanne. Baba akampigia simu Jocelyne, yeye ambaye simu huitengeneza lakini haipigi.

"Amekula," alisema.

Jocelyne aliuliza nani. Baba akajibu Buroso, nani tena, akakata. Jocelyne alikaa na ile simu mapajani akashindwa kuendelea kushona.

Lakini Buroso hakupona sawasawa. Kuharisha kuliisha, tumbo likashuka, ila alikuwa anakula nusu na kuondoka. Alisogea mpaka ukingoni mwa sanduku, akanyanyua pua, akangoja, halafu akarudi kwenye kitambaa chake. Jioni baada ya jioni ilikuwa hivyo. Baba alipima kijiko upya, akabadilisha mende, akajaribu panzi. Alishindwa kujua kinachokosekana. Akarudi kwa Nathalie, akamuuliza ni chakula gani alichosahau kumtajia.

Nathalie alikuwa anapepeta mchele. Alisema chakula ni kile kile, hakuna kingine. Baba akamsihi. Akamwambia kama kuna kitu anamficha kwa kumwonea huruma, huruma hiyo aiweke kando, maana mnyama anakufa. Nathalie akaweka ungo chini.

"Papa Venuste, mama hakukuwa anamulisha tu. Alikuwa anamuongelesha. Kila mangaribi anakaa pale chini na kasahani, anamuambia mambo ya siku yote."

Baba akauliza mambo gani.

"Ya shamba. Ya goti yake yenye inamuuma. Ya batoto benye habapige simu. Mambo mingi. Siku moja nikamuuliza, mama, juu ya nini hauambie mzee? Akaniambia mzee anafika amechoka, redio inamutosha."

Nathalie anasema Baba alimshukuru kwa adabu. Akavaa kofia yake, akapita katikati ya ile mihogo, akaingia ndani na kufunga mlango. Redio haikusikika jioni ile. Haijasikika tena.

Tumeandika na kufuta hapa mara nyingi, Mama. Baba ndiye aliyetaka maneno ya Nathalie yasomwe kama yalivyo, mbele ya watu, na sisi tulipoyasoma tuliona kwamba hayakumhusu Baba peke yake. Watoto wasiopiga simu ni sisi. Venuste alikuwa anatuma ujumbe wa Krismasi. Jocelyne, aliye saa chache tu kutoka kwako, alikuwa anasema atakuja mwisho wa mwezi. Tulidhani una Baba, Baba akadhani una sisi, na wewe ukawa na kalunguyeye. Tunaomba utusamehe. Hatuna la kujitetea.

Jioni hiyo Baba aliketi sakafuni nyuma ya jiko na kisahani mkononi. Alikohoa. Mwisho akamwambia Buroso kwamba leo ametengeneza redio ya mtu wa Rugaaga, kasoro ilikuwa waya uliokatika. Akataja goti lako lililokuwa likikuuma, akagundua kwamba hajui lilikuwa goti lipi.

Hatujui kama kalunguyeye hujali maneno ya watu. Daktari Kyomugisha anasema pengine mnyama akizoea sauti, akiikosa hukosa raha ya kula. Tunachojua ni kwamba baada ya siku kumi hivi kisahani kilikuwa kinabaki kitupu, na Buroso akaanza kujikunja tena akiguswa na mgeni. Baba anamwambia habari za siku nzima. Anamwambia nani ameoa, nani amepata safari ya kwenda Kanada, mvua imechelewa au imewahi. Habari nyingine ni zako, za kule Burundi mlipokuwa vijana, ambazo sisi hatujawahi kuzisikia. Jocelyne alikuja mwezi wa Desemba akamsikiliza kutoka uani, akaona aibu kama anayechungulia, akaondoka kwenda kuteka maji.

Hatutakudanganya kwamba ana furaha. Ni mpweke, Mama. Ameanza kutupigia simu kila Jumatano, anatuuliza tumekula nini, na anataka jibu kamili, si kusema tu tumekula. Tukimaliza kueleza anabaki kimya kwenye laini, nasi tunabaki kimya naye, mpaka salio linaisha. Mbarara bado hataki. Anasema mende wa mjini wana dawa.

Jumamosi, ndugu, jamaa na marafiki wote wakaribishwe kwenye misa, na baadaye nyumbani kwa chakula. Maharage yatakolea.

Wanaokukumbuka ni wanao Venuste na Jocelyne, na mkweo Pontien. Mjukuu wako Inès, aliyeng'oka jino la mbele mwezi huu na sasa anacheka ameziba mdomo bila mtu kumfundisha. Mdogo wako Mukandoli. Na majirani zako Nathalie na Niyonshuti.

Katika karatasi ya kwanza tulimwandika Baba juu kabisa, kama desturi inavyotaka. Alivaa miwani, akaisoma yote, akalikata jina lake kwa kalamu. Tukamuuliza kwa nini. Alisema aliyechelewa kukusikiliza kuliko wote na aandikwe nyuma ya wote. Hakutaka tubishane naye, nasi hatukubisha. Tumemwandika hapa chini, peke yake, alipoomba.

Ladislas, mume wako.

Hatutakusahau, Mama.